Mko Wachache na Mtaa Hauwajui: Mwongozo wa Kujulikana kwa Kazi ya Pamoja

Maswali ni yale yale. "Tuko kumi na watano tu, tutafanya nini kionekane?" "Tuanze na fulana au bango?" "Majirani wanasema sisi ni Freemasoni, tufanyeje?" Anayeuliza huwa ni katibu au kiongozi wa ushirika mdogo: kanisa linalosalia sebuleni kwa mtu, zawiya changa (kituo cha Waislamu wa tariqa), kikundi cha tafakuri, Wabahai wa kata moja, Marafiki (Wakristo wanaoitwa pia Quakers) waliohamia mji ambao hakuna anayewafahamu. Mwongozo huu ni wa watu hao. Nimeuandika nikifikiria zaidi miji ya Tanzania. Kenya inapotofautiana nimesema.

Jibu langu ni moja kwa wote: chagueni kazi moja, mwifanye wote kwa pamoja, siku ile ile, mahali pale pale, kwa mwaka mzima. Mtaa hukumbuka kundi linalotegemewa kwa jambo moja. Anayesafiri barabara ya Nairobi–Mombasa anaijua gurdwara ya Makindu, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Masingasinga wa Kenya ni wachache mno, na abiria wengi wanaosimama pale hawawezi kukueleza mafundisho yao hata mawili. Ila wanajua kwamba ukivua viatu na kufunika kichwa utakaribishwa chakula na chai bila malipo, uwe wa dini gani, na hakuna atakayekuuliza kitu. Dar es Salaam nako, ukitaja Jeshi la Wokovu, wengi watakuelekeza Mgulani, kwenye shule ya Matumaini ya watoto wenye ulemavu.

Kama shabaha yenu ni kuvuna waumini kabla ya mwaka kuisha, njia hii itawachelewesha. Fanyeni mkutano wa hadhara, mjue moja.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Watu wanane au zaidi wenye uhakika wa kufika. Waliosema "nikipata nafasi" msiwahesabu.
- Jina moja la kundi, fupi, ambalo mama muuza mboga anaweza kulitamka. Likishachaguliwa lisibadilike.
- Karatasi zenu. Tanzania, jumuiya ya dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kenya ni kwa Msajili wa Vyama. Kama bado hamjasajiliwa, kazi zifanyeni chini ya mwavuli wa serikali ya mtaa au taasisi iliyosajiliwa huku mkifuatilia usajili.
- Kauntabuku moja ya mahudhurio na matumizi.
- Mweka hazina, pamoja na mtu wa pili anayeona salio kila wakati. Wasiwe mume na mke.
- Msimamizi wa kazi. Namshauri asiwe mchungaji, shehe wala kiongozi wenu wa sala. Kiongozi wa kiroho akishika filimbi, watu wanashindwa kumwambia kwamba toroli limeelekezwa siko.
- Sanduku la huduma ya kwanza, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni.

Fulana hazimo. Nimeziacha makusudi, tutazifikia.

Hatua ya 1: Hesabuni mikono

Andikeni majina, na mbele ya kila jina saa anazoweza kutoa kwa mwezi, afya yake, na ujuzi wake. Fundi bomba, nesi mstaafu, dereva wa kirikuu na kijana anayejua kuandika barua ni mtaji mkubwa kuliko sadaka ya mwezi. Mwenye mgongo mbovu atashika daftari. Kisha punguzeni theluthi ya saa hizo, kwa sababu kutakuwa na misiba na harusi.

Hatua ya 2: Uliza mtaa kabla ya kuchagua

Watu wawili wawili wapite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mganga mfawidhi wa zahanati, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kinamama wa genge. Mjumbe wa nyumba kumi naye msimruke, maana ndiye anayejua nani anaishi wapi. Kenya mtaanza kwa mzee wa mtaa na chifu. Swali liwe moja: "Kuna kazi gani hapa ambayo kila mtu anaiona na hakuna anayeifanya?"

Msiende na jibu mfukoni. Makundi mengi hupeleka sabuni na biskuti wodi ya wazazi kwa sababu ndivyo walivyoona wengine wakifanya, kumbe wodi ina sabuni ya kutosha na shida yao ni viti vya ndugu wanaosubiri nje kwenye jua.

Hatua ya 3: Chagueni kazi moja

Kazi nzuri kwa kundi dogo ina sifa nne. Inaweza kumalizika kwa saa tatu. Inaonekana kwa macho baada ya kumalizika. Inarudi tena na tena, hivyo ninyi pia mtarudi. Na haimnyang'anyi mtu riziki: kama kuna mfagiaji analipwa na mkandarasi wa taka, msifagie kipande chake, maana mwisho wa mwezi ataambiwa hahitajiki.

Mbili ambazo nimeona zinafaa karibu kila mji ni kuzibua mitaro na kuandaa siku ya kuchangia damu. Nitazieleza kwa kirefu hapo chini kwa sababu ndizo zinazoulizwa sana. Lakini kazi yenu inaweza kuwa kuwasomea wazee wasioona, kushona sare za watoto wanaosimama nyuma ya foleni shuleni, au kupika uji. Kanuni ni zile zile.

Tahadhari: msichukue kazi mbili mwaka wa kwanza. Kundi la watu kumi na wawili likigawanyika mara tatu, hakuna anayeliona.

Hatua ya 4: Toeni taarifa kwa maandishi

Barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa mtaa au wa kata: jina la kundi, kazi, mahali, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, namba ya simu ya msimamizi. Pelekeni nakala mbili na mrudi na moja iliyogongwa muhuri. Kama kazi ni ndani ya zahanati au shule, barua iende na kwa mkuu wa pale. Siku ya kazi nakala iwe mfukoni mwa msimamizi, kwani hakosi kutokea mtu wa kuuliza "nani kawaruhusu?"

Mahubiri, sala ya hadhara na vipaza sauti visiingie kwenye barua wala kwenye kazi. Salini kabla hamjatoka nyumbani.

Hatua ya 5: Wekeni siku isiyohama

Tanzania Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, maduka mengi hufunguliwa baadaye na mtaa uko nje. Rwanda siku hiyo hiyo ni ya Umuganda. Mkiingia siku ambayo wengine pia wameshika fagio mtapata wenza bila kuwabembeleza. Hasara yake ni kwamba mnaweza kumezwa na wingi wa watu. Kwa hiyo ombeni kipande chenu maalumu: mtaro wa kutoka zahanati hadi kalavati, au uwanja wa nyuma ya soko. Kipande hicho kiwe chenu mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe.

Kama siku yenu ya ibada ni Jumamosi, chukueni Jumapili alasiri, na mtoe taarifa ili msionekane mnakwepa.

Hatua ya 6: Kazi ya mtaro, kwa utaratibu

Mitaro huzibuliwa kabla ya mvua. Kwa pwani na sehemu nyingi zenye misimu miwili, fanyeni kazi kubwa Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli; miezi mingine ni ya kutunza.

Vifaa kwa watu kumi: chepe nne, majembe mawili, reki mbili, toroli moja au mawili, viroba thelathini, glovu nzito kwa kila mtu, gambuti kwa wanaoingia ndani. Ambaye hana gambuti abaki juu. Kandambili haziingii mtaroni.

Siku mbili kabla, pita ukague. Tafuteni vioo, nyaya za umeme, na sindano. Mkikuta taka za hospitali msiziguse, mwiteni bwana afya au bibi afya wa kata.

Kisha:

a) Anzeni upande wa chini, maji yanakoishia, mkipanda juu. Mkianza juu, maji yaliyofunguliwa yanawafuata na tope lake mpaka pale palipoziba, nanyi mtafanya kazi mara mbili.

b) Tope lipakuliwe kando, lichuje maji, ndipo liingie kwenye kiroba. Kiroba kijazwe nusu tu. Tope bichi ni zito, na kiuno cha mtu kikikatika siku ya kwanza hamtamwona tena.

c) Plastiki zitengwe na tope. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, lakini mtaroni mtaikuta imelala kama mgeni rasmi.

d) Gari la taka liwe limethibitishwa siku iliyotangulia, dereva apigiwe na asubuhi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tope likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha ndani, na mtaa utasema mlikuja kupiga picha. Kama hakuna gari, punguzeni kipande mpaka kile mnachoweza kukiondoa wenyewe kwa toroli.

e) Nawa kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kugusa chai. Aliyekatwa na bati, hata kama alichanjwa pepopunda zamani, aende zahanati siku hiyo hiyo.

f) Watoto wasiingie mtaroni hata wakilia. Wapewe kazi ya kubeba maji ya kunywa.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii, nalo linaudhi: wanawake wasiachiwe chai na kufagia huku wanaume wakisimama na chepe wakiongea na mwenyekiti. Mtaa unaona. Zungusheni kazi kila mwezi, na mwezi mmoja wapo wanaume wapike.

Hatua ya 7: Siku ya kuchangia damu, kwa utaratibu

Kazi hii inawafaa walio wachache zaidi, kwa kuwa wataalamu huletwa na ninyi mnaandaa watu na mahali. Tanzania mtawasiliana na kituo cha kanda cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama au maabara ya hospitali ya wilaya, mapema, wiki nne au zaidi. Watawauliza mnategemea wachangiaji wangapi. Msitaje idadi ya kujifurahisha. Timu ikija na vifaa vya watu mia ikapata kumi na wanne, mwakani hawatapokea simu yenu.

Anayefaa, kwa vigezo vya Tanzania, ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu usiopungua gramu 12.5 kwa desilita. Mwanamume huweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha hawachangii. Ili mpate thelathini, andikisheni hamsini, wengine watarudishwa na wengine watakimbia wakiona sindano.

Tafuteni chumba au turubai lenye kivuli na hewa, meza nne, viti vya kutosha, choo karibu, maji ya kunywa, soda au juisi. Wachangiaji wawe wamekula. Na hapa kuna kosa la makundi ya kiroho peke yao: kupanga siku ya damu ndani ya mfungo wao wenyewe. Kama Ijumaa ni siku yenu ya kufunga na kuomba, Ijumaa si siku ya damu. Angalieni pia Ramadhani na Kwaresima, maana mnataka na majirani waje. Wakati ulio mzuri sana ni likizo za shule. Wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa, wakirudi makwao akiba ya damu hushuka. Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, kila mtu anafanya. Ninyi fanyeni Desemba.

Tahadhari, na hii ni kubwa: mtu akirudishwa, asiulizwe kwa nini. Sababu zinaweza kuwa wingi wa damu, dawa anazotumia, presha, au jambo analolijua yeye na nesi tu. Mtu mmoja wenu akisema kwa sauti "kulikoni, umefeli?" uvumi utatembea mtaani hadi jioni, na kundi lenu litajulikana kwa hilo. Anayetoka chumbani, amechangia au hajachangia, apewe soda ile ile na ahsante ile ile.

Hatua ya 8: Alikeni wengine, na mkubali kuwa wa pili

Baada ya miezi mitatu, pelekeni mwaliko msikitini, kanisani, kwa vijana wa bodaboda na kikundi cha kinamama wa vikoba. Waambieni wazi: hakuna mahubiri, kazi ni ya muda wa saa tatu, leteni chepe. Marafiki walioanza Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 ni sehemu ya jamaa ndogo ya waumini ambayo mashirika yake mawili ya huduma, la London na la Marekani, yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1947. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Marafiki wa Uingereza na Marekani waliwalisha watoto wa Ujerumani, nchi iliyokuwa adui wa kwao. Hawakudai mtoto asali nao kwanza ndipo apate uji.

Kwenye bango la pamoja jina lenu liwe dogo, au lisiwepo. Wanaokuja kila mwezi wanajulikana na wote. Kugombea nani atangulie kwenye bango kumevunja makundi mengi kuliko ukosefu wa fedha.

Hatua ya 9: Jina, fulana na picha

Sasa fulana. Mkifika mwezi wa nne bado mpo, shoneni vizibao vya rangi moja vyenye jina la kundi mgongoni. Vizibao ni bora kuliko fulana kwa sababu vinafaa mwili wowote, vinarudishwa, na mgeni anaweza kukivaa siku hiyo bila kuonekana kajiunga.

Picha ni za kazi: mtaro kabla na baada, mikono, toroli. Mgonjwa, mtoto, au mtu anayepokea msaada asipigwe. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini hata bila sheria, mama aliyepokea kilo mbili za unga hapaswi kujiona kwenye simu ya shemeji yake. Ndani ya zahanati msipige kabisa bila kibali cha mganga mfawidhi.

Hatua ya 10: Andikeni na mrudishe taarifa

Jioni hiyo hiyo jazeni kauntabuku: waliofika, mita zilizozibuliwa au uniti zilizopatikana, fedha iliyoingia na kutoka, kilichokwama. Kila baada ya miezi mitatu mpelekee mtendaji nusu ukurasa. Ofisi za mitaa hupokea maombi kutwa nzima. Anayeleta taarifa bila kuomba kitu hukumbukwa, na siku mtakapohitaji barua ya utambulisho hamtaandamana kuitafuta.

Mambo yakikwama

*Watu wanapungua mwezi baada ya mwezi.* Punguzeni kipande, msipunguze siku. Wanne wanaofagia mlango wa zahanati kila mwezi wanaonekana kuliko thelathini waliokuja mara moja. Halafu chunguzeni saa: mara nyingi kazi imevuka saa tatu mlizoahidi.

*Tunaitwa Freemasoni au wachawi.* Msijibu kwa mahubiri wala kwa hasira. Uvumi huu hulelewa na mlango uliofungwa na fedha isiyojulikana ilikotoka. Bandikeni mapato na matumizi ukutani pa ofisi ya mtaa, na mwalikeni mwenyekiti mwenyewe aje afungue kazi. Waliowahi kushika toroli nanyi watawatetea.

*Mgombea anataka kutuletea vifaa.* Mpokeeni kama mkazi: avae glovu, afanye kazi. Fulana zake na gari lake la matangazo vibaki nje. Mwaka wa uchaguzi hata chepe zake msipokee.

*Mtu anauliza sisi ni dini gani.* Mjibuni kwa sentensi moja ya kweli, kisha mrudi kazini. Akitaka zaidi, mpeni namba na siku ya kuonana. Vipeperushi visigawiwe kazini, hata akiviomba.

*Kundi kubwa limedai kazi yetu ni yao.* Nyamazeni hadharani. Kauntabuku na barua yenye muhuri vinatosha ofisini, na ofisini ndiko inakohitajika ijulikane.

*Wagonjwa au wazee wameanza kutuomba pesa.* Msitoe mkononi, mkitoa kwa mmoja mwezi ujao watakuwa kumi. Mwandikeni jina, mwelekezeni kwa afisa ustawi wa jamii, na mmoja wenu aongozane naye mpaka mlangoni.

*Mvua imeanguka siku yenyewe.* Ya damu inaendelea kama kuna paa. Ya mtaro ahirisheni kwa wiki moja, mtu asiingie kwenye maji yanayokwenda kasi, na msimamizi aende peke yake na mwavuli saa ile ile mliyotangaza ili atakayefika akute mtu wa kumwambia.